Anashikiliwa kwa Karatasi Gani?

Siku niliyoacha kazi, vijana wa korti ya Meru walininywesha chai na mandazi, kisha wakaniomba niwaandikie habari za ukalimani wa zamani. Mmoja alitaka nianze na jinsi nilivyopandishwa cheo. Nilipandishwa mara mbili katika miaka thelathini na mitatu, na mara zote mbili sababu ilikuwa kwamba aliyenitangulia amezeeka. Hayo yamekwisha. Nitawaambia nilivyoanza, nani alinifundisha, na kesi moja ya miaka ya Imajensi, ile Hali ya Hatari ya wakoloni, ambayo mpaka leo haijanitoka.

Mimi ni mtu wa Kibirichia, kule Meru. Baba alilima viazi, na alitaka mwanawe wa kwanza alime viazi. Mama alikuwa Mmbeere wa upande wa Kiritiri, aliyeolewa huku juu kwenye baridi na hakuizoea mpaka alipokufa. Nyumbani baba alisema Kimeru, mama akajibu Kimbeere, nasi watoto tukakua tukidhani kila nyumba duniani ina lugha mbili. Misheni ikaniongezea Kiswahili na Kiingereza, na Kiembu nilikijua kwa kuwa kinafanana na Kimbeere. Korti ya Embu ilipotafuta mkalimani wa kuwasikiliza watu wa mlimani na wa nchi ya joto kule chini, haikuwa na wengi wa kuchagua.

Siku ya kwanza nilipokelewa na mkalimani mkuu, Mzee Zakayo Njeru, Mwembu mrefu aliyekauka kama ufito. Hakunitazama usoni, alinitazama viatu.

"Hivyo vina misumari," akasema. "Ukitembea kortini hakimu atakusikia wewe badala ya shahidi. Kesho uje na vya raba."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuja saa nne asubuhi. Watu wawili walikuwa wamepigania mpaka wa shamba. Shahidi akasema kwa Kimbeere, "Nilimpiga kwa rungu," nami nikamwambia hakimu kwamba shahidi anasema alimpiga mwenzake kwa rungu. Baadaye mshtakiwa alimtukana shahidi tusi zito la kumtaja mama yake, nami kwa haya za misheni nikalifasiri kuwa "ameonyesha hasira." Korti iliposimama kidogo, Zakayo alinivuta nyuma ya jengo.

"Mutwiri, leo umekula kiapo cha nini?"

"Cha kufasiri kweli, Mzee."

"Basi shahidi akisema 'nilimpiga,' wewe sema 'nilimpiga.' Ukisema 'anasema,' umejitia katikati, umekuwa mtu wa tatu. Na tusi likitoka, litoe lote. Hakimu akitaka harufu ya maua, aende bustanini."

Nilinunua daftari la mistari nikaanza kuandika maneno: dhamana, rufaa, kiapo, kila moja kwa lugha zangu tano. Mengine yalikubali haraka. Mengine yalikataa kabisa, na mpaka nastaafu yalikuwa bado yamekataa. Wakalimani wa leo wana vitabu vya msamiati. Vitumieni, lakini kabla ya kesi zungumzeni na shahidi habari za mvua na mbuzi, mjue anaongea vipi akiwa hana hofu.

Siku hizo kesi nyingi za Embu zilisikilizwa na Bwana Shauri mwenyewe, yaani mtawala wa wilaya. Watu walimwita Bwana Kofia, kwa sababu akiwa kwenye utawala alivaa kofia pana ya kaki, na akiwa kwenye hukumu aliivua na kuiweka mezani. Asubuhi, akiwa na kofia, aliwatuma askari wamkamate mtu. Adhuhuri aliivua na kumwuliza mtu huyo huyo kama ana hatia. Siku moja mzee mmoja aliyeshtakiwa kwa kukataa kazi ya barabara alimjibu, nami nikafasiri bila kupunguza: "Nikueleze wewe nini? Wewe ndiye uliyetoa amri, wewe ndiye uliyenikamata. Kama ungekuwa unadhani sina hatia, si ungeniacha nyumbani?" Aliongezewa mwezi mmoja kwa kuidharau korti. Bwana Kofia alinitazama mimi pia, muda mrefu, kana kwamba maneno yalikuwa yangu.

Nilimwuliza Zakayo kama jambo hilo halimshangazi.

"Kwa wazee wetu," akasema polepole, "anayeshtaki hukaa nje ya duara. Akiingia ndani kuamua, wazee husimama wakaenda zao. Anayetunga amri, anayeitekeleza, na anayeamua kama imevunjwa, hao ni watu watatu, na wanafaa waogopane kidogo. Hapa ni mtu mmoja na kofia yake." Kisha akatazama mlangoni. "Hayo sikukwambia."

Ndipo Hali ya Hatari ikatangazwa, na kila kitu kikabana. Sisi wa Meru hatukuweza kwenda Embu bila pasi, wala wa Embu kuja Meru. Watu walihamishwa kutoka mashambani mwao wakarundikwa vijijini, wakachimbishwa mahandaki na kuyajaza vijiti vilivyochongwa. Lori za askari zilipita zikielekea msituni zikirudi na watu waliofungwa, na hatukujua kila mara walipelekwa wapi. Pasi yangu ilitiwa sahihi na ofisi ya Bwana Kofia kila mwezi. Mtu ambaye pasi yake inatiwa sahihi kila mwezi hujifunza kutembea kwa upole hata akiwa amevaa raba.

Katikati ya hayo akaja hakimu mpya ambaye kazi yake ilikuwa kuhukumu tu. Alikuwa Mzungu mwembamba mwenye pumu. Kwa sababu ya pumu alisema maneno machache akapumzika, nasi tukamwita Bwana Taratibu. Kwetu wakalimani alikuwa zawadi. Jambo lake la kwanza lilikuwa kukataa kuketi katika ofisi ya Bwana Kofia. Alizunguka na Zakayo akakagua majengo ya serikali, mwisho akachagua ghala lililowekwa maharagwe. Tuliliosha mara tatu. Miezi miwili mizima haki ya Embu ilinuka maharagwe, na hakimu hakulalamika.

Wiki ya tatu waliletwa watu wanne walioshtakiwa kutembea bila pasi. Kabla hatujaanza, askari aliingia na barua kutoka kwa Bwana Kofia. Hakimu aliisoma, akapumua, akaniita.

"Karani mkalimani, isome hii kwa sauti. Kisha uifasiri kwa Kiembu, Kimbeere na Kiswahili."

Niliishika. Bwana Kofia alikuwa ameandika kwamba wale wanne ni watu wabaya wanaojulikana, na kwamba ingekuwa vizuri kesi iishe kabla ya chakula cha mchana na adhabu iwe kamili, maana lori la kuwachukua lilikuwa tayari. Ghala lilijaa watu. Askari wa Bwana Kofia alikuwa bado amesimama mlangoni. Niliisoma mara nne kwa lugha nne, na kila mara sauti yangu ilizidi kuwa nyembamba. 

"Korti hii imepokea barua kutoka kwa mtu ambaye si shahidi wala si wakili," akasema hakimu. "Itawekwa kwenye faili ili kila mtu aione. Sasa tusikilize kesi."

Ilionekana kwamba wawili kati ya wale wanne walikuwa na pasi halali. Zilikuwa kwenye mfuko wa askari aliyewakamata.

Jioni hiyo, tukifunga madirisha, Zakayo aliniambia, "Huyu hatakaa." Hakusema kwa furaha wala kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetazama mawingu.

Nimefika kwenye kesi yenyewe. Asubuhi moja ya Jumatatu nilimkuta mwanamke ameketi kwenye veranda ya korti, miguu yake imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Alikuwa akijisemea kwa Kimbeere, Kimbeere kile kile cha mama yangu. Nilimsalimu, akainua kichwa.

"Mwanangu, wewe unaongea kama watu wa kwetu."

"Mama yangu alitoka Kiritiri. Wewe ni nani, mama?"

Aliitwa Marigu. Mumewe, Nthiga wa Mbiti, mfuga nyuki na mbuzi, alikuwa amechukuliwa na homgadi, wale walinzi wa kijiji, siku kumi na tisa zilizopita. Kosa lake ni kwamba barazani alisimama akauliza kwa nini wake za hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, na ndugu zake hawashiki jembe kwenye handaki kama wengine. Hedimani, mtu aliyeitwa Njagi, alisema Nthiga anawapelekea asali wapiganaji wa msituni. Wakamfunga kambini. Marigu alimpelekea uji wa mawele kila siku, walinzi wakaupokea.

"Juzi wakaniambia nisilete tena," akasema. "Nikauliza kwa nini. Wakasema ameletwa Embu. Nimeenda polisi, hayumo kwenye kitabu. Nimeenda jela, hayumo kwenye kitabu. Mwanangu, mtu akikatazwa kuletewa chakula na hayuko kwenye kitabu, si unajua maana yake?"

Nilijua. Kila mtu alijua. Yeye hakuwa na pasi. Alikuwa ametembea siku nzima na nusu kando ya barabara, akijificha kila aliposikia lori.

Nilikwenda kwa Zakayo. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Nina watoto saba," akasema. "Ukiniuliza kama mzee wako, nitakwambia umpe maji na umwambie arudi. Ukiniuliza kama mkalimani mkuu…" Akafumbua macho. "Usimpeleke ofisini kwa hakimu. Ofisini jambo linaweza kufunikwa. Mpeleke kortini, mbele ya watu, asemee huko."

Ndivyo nilivyofanya. Kesi ya mwisho ya asubuhi ilipoisha nilisimama nikasema kuna mtu mwenye malalamiko ya kiapo. Marigu aliapishwa. Alisema yote, nami nikasema yote, na kila nilipotamka jina la Njagi niliona watu wakitazamana. Hakimu aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Mwisho akauliza swali moja:

"Anashikiliwa kwa karatasi gani?"

Nikamfasiria. Marigu alishangaa. "Karatasi? Alishikwa kwa kamba."

Hakimu alieleza, akipumzika kila baada ya maneno machache. Hata wakati wa hatari, alisema, serikali yenyewe iko chini ya sheria. Kuna sheria inayomruhusu mkuu wa nchi kumzuia mtu, lakini lazima kuwe na amri iliyoandikwa na kutiwa sahihi na mwenye mamlaka. Hedimani hana mamlaka hayo. Bwana Shauri hana peke yake. Kumfungia mtu bila amri ni kosa la jinai kama wizi wa ng'ombe. Kwa hiyo Njagi ataitwa kortini Alhamisi ajibu, na aje na Nthiga. Akatia sahihi samansi, akagonga mhuri.

Sasa ikabaki kuipeleka. Tarishi wa korti, mtu mwenye afya ya punda, aliumwa tumbo saa hiyo hiyo. Polisi wakasema gari halina petroli. Hakimu alinitazama, si kwa kuniamuru. Nadhani kama angeniamuru ningekataa.

Zakayo alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli. "Sikiliza. Usiketi wakikupa kiti. Soma yote bila kukubali kukatizwa, kwa sababu karatasi iliyosomwa nusu ni maneno tu. Soma kwa Kimbeere, watu wote wasikie. Acha nakala. Ondoka." Akashika usukani wa baiskeli kana kwamba hataki kuuachilia. "Na usibishane. Wewe huna maneno yako."

Nililala kwa mjomba njiani, na Jumanne kabla ya adhuhuri nikafika kambini. Kulikuwa na handaki, daraja la magogo, na ukuta wa nguzo. Homgadi mmoja alinielekezea bunduki.

"Wewe Mmeru, pasi iko wapi? Unataka nani hapa?"

"Nimetumwa na korti kwa hedimani."

Njagi alitoka akitafuna muwa. Hakuwa jitu. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye koti kubwa kuliko mabega yake. Wanawake waliokuwa wakichimba handaki waliacha majembe. Aliniletea kigoda, nikabaki nimesimama. Nikafungua karatasi.

"Kwa hedimani Njagi," nikaanza.

"Najua kusoma. Lete hapa."

"Nitakupa nakala nikimaliza. Umeitwa na hakimu wa Embu—"

"Hapa serikali ni mimi!" Akatema makapi ya muwa karibu na viatu vyangu. Nilisikia bunduki ikikokiwa nyuma yangu. Lakini mdomo ulikuwa umezoea. Ulikuwa umesoma karatasi za watu wengine kwa miaka, nao ukaendelea kusoma hata baada ya mimi mwenyewe kutaka kukimbia. Nilisoma kosa. Nilisoma siku na saa. Nikafika mahali panaposema amlete kortini mtu anayeitwa, na hapo nikapaaza sauti kadiri ya pumzi zangu:

"Nthiga wa Mbiti!"

"Huyo hayuko," Njagi akasema haraka. "Alipelekwa Embu."

Ndipo kutoka kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa nyuma ya ukuta ikatoka sauti, nyembamba, iliyopasuka, lakini ya kujibu kama mtu anavyojibu akiitwa barazani:

"Niko!"

Wanawake wote walisikia. Mmoja alitia kiganja mdomoni. Nilitoa kalamu ya risasi, nikatazama saa yangu, nikaandika pembeni mwa samansi: *Ameitwa jina, ameitika, saa tano na robo.* Nikampa Njagi nakala yake, nikapanda baiskeli, nikavuka daraja la magogo nikiwa nimekaza mgongo nikingoja risasi. Haikuja.

Siku mbili zile zilikuwa ndefu. Nilikuwa nimemwacha mtu mikononi mwa watu waliojua sasa kwamba atasema. Marigu alikuwa amejificha nyumbani kwa Zakayo, yule yule Zakayo wa watoto saba, akipepeta mahindi ambayo yalikuwa yamekwisha kupepetwa. Jumatano Bwana Kofia aliniita ofisini kwake. Alizungumza nami Kiswahili chake, ingawa alijua Kiingereza changu.

"Mutwiri, ile lugha ya Mbeere ngumu sana, eh? Maneno ingine hapana faida kutoa yote. Hakimu iko mgeni, hapana jua nchi."

"Ndiyo, Bwana."

"Pasi yako nakwisha mwezi hii."

"Ndiyo, Bwana."

"Sawa. Wewe fikiri."

Nilifikiri. Msidhani nilifikiri kishujaa. Nilifikiria njia ya kusema "alipigwa" kwa neno la Kiingereza linaloweza kumaanisha "alisukumwa," na nikalipata. Nililala nalo kinywani.

Alhamisi ghala lilijaa hadi nje. Bwana Kofia aliketi mstari wa mbele, kofia magotini. Saa tatu ikapita, na Njagi hajaonekana. Saa nne kasorobo lori likasimama. Njagi akashuka, halafu homgadi wawili wakamshusha mtu. Nthiga alitembea kwa kingo za nyayo, kama anayekanyaga makaa. Marigu alisimama, akaketi, akasimama tena. Hakulia.

Nthiga aliapishwa. Akaanza kusema, na hapo ndipo nilipoelewa kile Zakayo alinifundisha siku ya kwanza. Kama ningesema "anasema," ningeweza kulegeza. Lakini kanuni ni "mimi." Kwa hiyo nilisimama pale, kijana wa misheni mwenye tai, nikasema kwa Kiingereza mbele ya Bwana Kofia: "Walinifunga mikono nyuma. Walinipiga nyayo kwa fimbo ya mti mgumu siku ya pili, ya tatu na ya saba. Nilinyimwa maji. Nilisikia sauti ya mke wangu langoni, na sikuruhusiwa kumjibu." Lile neno langu la "kusukumwa" lilikufa kinywani. Huwezi kusema "mimi" halafu ukajidanganya.

Hakimu alimwuliza Njagi ana karatasi gani. Njagi akamtazama Bwana Kofia. Bwana Kofia akasimama.

"Hii ni Hali ya Hatari. Amri ya kumzuia mtu huyu itatolewa."

"Itatolewa," akarudia hakimu, akapumua. "Korti inauliza iliyotolewa."

"Bwana Hakimu anaelewa kwamba sisi sote tunatumikia serikali moja?"

"Naelewa. Ndiyo maana wewe uko upande huo wa meza, nami huu."

Niliyafasiri hayo pia, maana washtakiwa na watu walikuwa na haki ya kuyasikia. Hakimu aliamua kwamba hakuna amri, kwa hiyo hakuna kifungo. Nthiga yuko huru kwenda. Njagi atashtakiwa. Nthiga hakuelewa mara moja. Nilimwambia mara mbili, "Nenda nyumbani." Marigu alikuja akamshika mkono, wakatoka polepole kwa zile nyayo zake. Watu waliwafungulia njia kimya, bila vigelegele. Ilikuwa miaka ambayo watu walifurahi kimya.

Ningependa kuishia hapo. Siku ya nane Bwana Kofia aliingia kortini mwenyewe, akaweka karatasi mezani kwa adabu. Ilikuwa amri ya kizuizi, yenye jina la Nthiga wa Mbiti, sahihi ya juu kabisa, mhuri, kila kitu. Hakimu aliisoma mara mbili.

"Iko sawa," akasema. Sijapata kumsikia mtu akisema maneno mawili kwa uchungu kama huo. Aliniambia baadaye kwamba yeye hatungi sheria. Akianza kuzikataa zile asizozipenda, kesho hakimu mwingine atazikataa zile anazopenda yeye. Niliendelea kupanga mafaili. Sikuwa nimeulizwa nifasiri.

Nthiga alipelekwa kambi ya mbali. Kesi ya Njagi iliondolewa. Bwana Taratibu alihamishiwa pwani, wakasema ni kwa ajili ya pumu yake. Pasi yangu haikutiwa sahihi tena, nikarudishwa Meru, ambako nilikalimani Kimeru mpaka uzee. Zakayo alibaki. Siku ya kuagana alinipa mkono akasema tu, "Viatu vyako vimekwisha soli."

Marigu alinitumia ujumbe kupitia kwa mjomba. Alisema yuko salama, na kwamba mumewe sasa yumo kwenye kitabu cha serikali, kwa hiyo lazima serikali imrudishe au iseme alipo. Nilidhani ananifariji. Baadaye niliona kwamba alikuwa anahesabu sawasawa. Wale waliopotea bila karatasi siku hizo, wengine wetu tunawatafuta hadi leo.

Nthiga alirudi baada ya miaka mitatu. Nilikwenda kumwona Kiritiri baada ya Imajensi kuondolewa. Nilitarajia shukrani, nisiwafiche. Aliniletea asali, akanitazama, akasema:

"Ulinitoa kibandani ukanipeleka kambi ya mbali. Miaka mitatu, Mutwiri. Njagi angeniachilia kwa mbuzi wawili."

"Angekuzika," Marigu akasema akiwa jikoni.

"Hujui."

"Najua. Walikataa uji."

Walibishana vizuri muda mrefu, nami nikala asali. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu watu wawili kubishana mbele yangu na hakuna aliyenihitaji. Kisha Nthiga akaniambia jambo alilokuwa amekuja nalo kutoka kambini. Alikuwa amejifunza kusoma huko, Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Uhuru ulipofika nilimpelekea nakala ya katiba. Ilikuwa kwa Kiingereza, akasikitika, halafu akasema, "Basi isome wewe, nami nitakuuliza kila neno." Tulianza asubuhi nje ya nyumba yake. Alikuwa mwanafunzi msumbufu kuliko wakili yeyote niliyepata kumfanyia kazi. Tulifika kwenye sehemu inayosema kwamba mtu hatanyimwa uhuru wake, isipokuwa kama sheria imeruhusu. Akanisimamisha.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Isipokuwa," akasema. "Nionyeshe hilo neno liko wapi."

Nikamwonyesha. Akaliangalia kwa makini, kwa lugha asiyoijua.

"Hapa ndipo nilipopitishwa," akasema. "Na hii sasa ni serikali yetu, na bado wameliacha."

"Kila nchi inalo, Nthiga. Haiwezekani kuandika sheria bila hilo neno."

"Sijasema walifute. Nauliza nani analichunga."

Nilitaka kumjibu kwamba ni mahakimu, bunge, watu wenyewe. Yote yalikuwa kweli, na yote yalionekana madogo nikimtazama nyayo. Yeye akalamba asali kwenye kidole, akakifuta vizuri kwa shati, akakiweka juu ya lile neno. "Endelea kusoma," akasema, na hakukiondoa mpaka nilipomaliza ukurasa.